Mali bila daftari: funzo la kisiwa cha Mer

Arobaini ikishapita na familia ikikaa kugawa mirathi, kuna jambo hutokea ambalo siku hizi nalitazama kwa makini. Mzee wa ukoo anaanza kueleza shamba la marehemu linaishia wapi. Anataja kijito, anataja jiwe, anataja mti uliokatwa zamani lakini mahali pake bado panaitwa kwa jina la mti huo. Anasema nani alimpa nani, kwa sababu gani, na nani walikuwepo. Yote anayasema kwa lugha ya kwao. Kabla hajafika mbali, kijana aliyetoka mjini anamkatiza kwa adabu: babu, samahani, sema Kiswahili, wengine hatuelewi. Babu anajitahidi. Maelezo yaliyokuwa yamenona yanaanza kukonda. Mipaka mitano inageuka miwili, na mahali palipokuwa na majina panakuwa "kule chini" na "upande ule".

Tukizungumzia lugha zenye wasemaji wachache, huwa tunazungumzia ngoma, nyimbo na mavazi ya sherehe. Wenye huruma husema zihifadhiwe. Wenye haraka huuliza lugha ya watu mia tatu ina faida gani dunia hii. Naona pande zote mbili zimekosea, maana zote zinaichukulia lugha ndogo kuwa ni pambo. Msimamo wangu ni kwamba lugha hizi ni daftari la mali ya watu wa kawaida, nao wahenga walikwisha sema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo likipotea, wa kwanza kuumia si profesa wa chuo kikuu. Ni mjane mwenye robo eka ya mihogo, ni mvuvi ambaye mwamba wa babu yake hauko kwenye ramani yoyote, ni mtoto aliyelelewa na mjomba na hana karatasi ya kuonyesha kuwa ni mwana wa nyumba ile.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua uko mbali sana na kwetu, kwenye kisiwa ambacho kwenye ramani ya ukutani hukioni.

Watu wachache, si watu wagonjwa

Mer kiko mashariki mwa mlango-bahari wa Torres, kati ya Australia na Papua Guinea Mpya. Waingereza walikiita Murray. Urefu wake haufiki kilomita tatu na upana wake ni zaidi kidogo ya kilomita moja na nusu. Pembeni yake kuna visiwa viwili vidogo zaidi, Dauar na Waier. Ni ardhi ya volkano yenye rutuba, watu wanalima viazi vikuu, ndizi na minazi, na ufukweni wazee wa zamani walijenga kuta za mawe ambazo maji yakijaa samaki huingia, yakipwa hubaki ndani. Kilima kinachotawala kisiwa kinaitwa Gelam, jina la kijana wa hadithi aliyekuja kutoka kisiwa cha Moa akiwa katika umbo la nguva, na ukikitazama kutoka baharini utaona nguva amelala.

Lugha ya hapo ni Kimeriam. Kisheria kisiwa ni sehemu ya jimbo la Queensland nchini Australia, lakini lugha yenyewe si ya ukoo wa lugha za Australia. Ni lugha ya Kipapua, na ndugu zake wa karibu wako ng'ambo, pwani ya kusini ya Papua Guinea Mpya, eneo la mto Fly. Lugha hizo za "Kipapua" si ukoo mmoja, kama Kibantu kilivyo. Jina hilo limekusanya koo nyingi za lugha za Guinea Mpya na visiwa vya jirani zisizohusiana na lugha kubwa za bahari ya Pasifiki kama Kifiji au Kisamoa. Papua Guinea Mpya peke yake ina lugha zaidi ya 800. Nyingi zina wasemaji elfu chache au mia chache, na zimekuwa hivyo kwa karne nyingi bila kudhoofika. Kwenye kisiwa cha Rossel, nchini humo humo, watu elfu chache wanazungumza Yélî Dnye, lugha ambayo wataalamu waliokaa nayo miaka mingi wanaihesabu miongoni mwa zenye sauti ngumu kuliko zote duniani, na watoto wa pale wanaizungumza tangu wanapojifunza kutembea.

Nalisema hili kwa sababu hapa kwetu tumezoea kudhani uchache wenyewe ndio ugonjwa. Wahadza wa bonde la ziwa Eyasi ni kama elfu moja tu, lakini watoto wao bado wanaongea Kihadza. Lugha haifi kwa kuwa na watu wachache. Hufa pale mama anapoanza kumjibu mwanawe kwa lugha nyingine, kwa sababu ameambiwa, tena na watu anaowaheshimu, kwamba yake haina soko.

Hayo ndiyo yaliyowapata Wameriam, polepole na kwa njia nyingi. Kuanzia miaka ya 1860 walifika wavuvi wa jongoo bahari na chaza wa lulu, pamoja na mabaharia kutoka visiwa vingi vya Pasifiki, na kati ya watu hao wasioelewana ikazaliwa lugha ya mchanganyiko ambayo leo inaitwa Yumplatok. Mwaka 1871 wamisionari wa London walitia nanga kisiwa cha jirani cha Erub. Walileta walimu kutoka visiwa vya Pasifiki, na sehemu za Injili zikatafsiriwa kwa Kimeriam, kwa hiyo siwezi kusema kanisa lilikuja kuiua lugha. Lakini shule ikaja na Kiingereza. Watu wa Erub, waliokuwa wakisema lahaja ya Kimeriam, walihamia Yumplatok mapema, na lahaja yao imekwisha. Mer walishikilia muda mrefu zaidi. Kisha plastiki ikachukua nafasi ya chaza kwenye vifungo vya mashati, biashara ikaanguka, na wanaume wakavuka kwenda bara kujenga reli na kukata miwa. Leo Wanatorres wengi wanaishi Townsville, Cairns na miji mingine ya bara kuliko visiwani kwao. Wanaokijua Kimeriam sawasawa wamebaki mia chache, na wengi ni watu wazima.

Kila shamba lina mwenyewe

Mwaka 1898 Alfred Haddon wa Cambridge alikuja Mer na wenzake sita. Mwanaisimu Sidney Ray aliandika sarufi. William Rivers, aliyekuwa daktari, alikaa na wazee akiwauliza nani alimzaa nani, nani alioa wapi, nani alichukuliwa na nani kulelewa, akachora nasaba za kisiwa kizima. Charles Myers alinasa sauti kwenye silinda za nta. Haddon alitaka kuona ngoma ya Malo, ambayo dini mpya ilikuwa imeipiga marufuku na vinyago vyake havikuwepo tena. Wazee wakatengeneza vinyago vingine kwa kadibodi, wakacheza mbele ya kamera ya filamu. Picha hizo zipo hadi leo.

Jambo lililowashangaza wageni hao lilikuwa ardhi. Kwenye vitabu vya Ulaya iliandikwa kwamba watu wa aina hii hutangatanga na hawajui kumiliki. Kumbe Mer hapakuwa na kipande kisicho na mwenyewe. Bustani zilipakana kwa mawe, kwa miti, kwa ua. Baba aliweza kumgawia mwanawe kwa kauli ya mdomo, kumwazima ndugu, au kumnyima mtoto asiye na adabu. Juu ya yote hayo palikuwa na sheria ya Malo, ambaye kwa mapokeo yao ni pweza, na minyiri yake minane ni koo nane za kisiwa. Kwa muhtasari sheria hiyo inaamuru hivi: mikono yako ibaki kwenye chako, miguu yako ifuate njia yako, na ardhi uliyoachiwa uipande, usiigeuze pori.

Sheria hiyo imewekwa kwa Kimeriam, katika maneno machache yanayojirudia ili mtoto ayashike. Majina ya mashamba ni ya Kimeriam. Majina ya pepo ni ya Kimeriam pia: koki ni pepo za kaskazini-magharibi zinazoleta mvua, na sager ni pepo za kusini-mashariki. Watu wa Lamu na Pemba, waliokulia kati ya kaskazi na kusi, hawahitaji kuelezwa kwa nini kaya ya kisiwani haiwezi kupanda wala kuingia baharini bila kujua majina hayo.

Serikali ya Queensland ilikuwa imeshakitwaa kisiwa mwaka 1879 kwa karatasi iliyoandikwa mbali sana na hapo. Wameriam waliendelea kulima na kurithishana, na wakigombana walikwenda kwenye baraza la kisiwa, ambalo liliweka kumbukumbu za mashauri yao ya ardhi. Karatasi ile ya 1879 haikubadilisha kitu bustanini, na kwa karibu miaka mia moja hakuna aliyeona haja ya kuwauliza wenyewe kama wanajua ardhi yao si yao tena.

Nilisikia kwa babu

Aliyekuja kuligundua hilo kwa uchungu ni mtunza bustani. Eddie Koiki Mabo alizaliwa Mer mwaka 1936, kijiji cha Las. Mama yake alifariki mara baada ya kumzaa, akachukuliwa na mjomba wake Benny Mabo na mkewe Maiga, wakamlea kama mtoto wao wa kumzaa. Baadaye, akifanya kazi kwenye bustani za Chuo Kikuu cha James Cook mjini Townsville, aliwasimulia wahadhiri wawili, Henry Reynolds na Noel Loos, habari za ardhi yake kule nyumbani. Wakatazamana. Ikabidi wamwambie kwamba kwa sheria ya Australia ardhi ile ni ya serikali. Mabo hakuamini. Atakuwaje hana shamba mtu anayejua kila jiwe la mpaka wake?

Tarehe 20 Mei 1982, yeye na Wameriam wenzake wanne, James Rice, Celuia Mapo Salee, Sam Passi na mchungaji David Passi, walifungua kesi. Ilichukua miaka kumi. Queensland ilijaribu kuizima kwa kutunga sheria mpya mwaka 1985, na sheria hiyo ikabatilishwa mwaka 1988. Jaji Martin Moynihan alipewa kazi ya kusikiliza ushahidi, na mahakama ikafika hadi Mer kwenyewe.

Hapa ndipo msomaji aliyewahi kusimama mbele ya baraza la ardhi la kata atajitambua. Mabo alipoanza kueleza alichoambiwa na babu yake, mawakili wa serikali walisimama kupinga: huo ni ushahidi wa kusikia. Akaendelea, wakasimama tena. Lakini kijiji chochote duniani kinawezaje kuthibitisha urithi wa vizazi vitano bila kusema "nilisikia kwa babu"? Kama babu hakuandika, alichoacha ni maneno, na maneno yana lugha yake. Ni kweli kwamba mengi yalisemwa mahakamani kwa Kiingereza, kwa kuwa mahakama ni ya Kiingereza. Ila kilichokuwa kikisemwa, yaani sheria ya Malo, majina ya mashamba, njia ya urithi, kilikuwa kimefika pale mikononi mwa Kimeriam. Nasaba alizochora Rivers ziliwekwa mezani kama vielelezo, nazo ni maneno ya wazee wa 1898 waliokuwa wakijibu kuhusu ndugu zao. Kumbukumbu za baraza la kisiwa nazo ziliingia.

Tarehe 3 Juni 1992 mahakama ya juu kabisa ya Australia iliamua, majaji sita dhidi ya mmoja, kwamba Wameriam wana haki ya kumiliki, kukaa na kutumia visiwa vyao dhidi ya mtu mwingine yeyote duniani. Ile fikra kwamba Australia ilikuwa nchi isiyo na mwenyewe Waingereza walipofika, fikra iliyotawala miaka zaidi ya 200, ikaanguka. Mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria ya haki za ardhi za wenyeji kwa nchi nzima. Mabo hakuyaona. Saratani ilimuua tarehe 21 Januari mwaka huo wa 1992.

Bara zima lilibadilishiwa sheria zake kwa ushahidi wa watu wa kisiwa kisichofika kilomita tatu, wenye lugha ambayo mwenye haraka angeuliza ina faida gani.

Silinda ya nta haisimami kizimbani

Najua jibu linalotolewa haraka: basi tuwarekodi wazee, tuweke sauti zao kwenye kompyuta, kazi iishe. Kurekodi ni jambo jema na nalitaka. Silinda za Myers ziko London mpaka sasa, na ni hazina. Lakini rekodi haiwezi kuulizwa swali la pili. Mnamo Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka kwenye kisiwa cha Sumbawa na kuwafunika watu wa ufalme mdogo uliokuwa chini yake. Lugha yao imebaki katika orodha ya maneno yasiyofika hamsini, na wanaisimu wanaamini ilikuwa ya Kipapua, mbali kabisa upande wa magharibi. Hao waliuawa na moto, hakuna wa kumlaumu. Hata hivyo, nani leo anaweza kueleza kutoka kwenye orodha hiyo shamba lipi lilikuwa la nani?

Sisi hatuna mlima wa kusingizia. Tuna aibu tu, na aibu hiyo tumefundishwa. Nasema hivi nikiwa mtu ninayekipenda Kiswahili na kula kwa kukiandika. Kimetupa taifa, kimetupa soko na msamiati wa kudai haki pamoja. Lakini kwenye nyumba nyingi za Tanzania Kiswahili ndicho kinachofanya kazi ambayo Yumplatok na Kiingereza zilifanya Mer, na hatupaswi kujificha nyuma ya fahari yetu tusilione hilo. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120 na shuleni hazina kipindi. Kenya mtaala wao wa umilisi umetoa nafasi kwa lugha za wenyeji katika madarasa ya chini, na hiyo ni hatua ambayo ningependa tuitazame bila wivu.

Hasara ya kuziacha lugha hizi ni ya shilingi. Tarehe 26 Mei 2017, hapa hapa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwaondoa msitu wa Mau. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na kupewa hati ya pamoja. Ili kufika huko, Waogiek walilazimika kuonyesha kwamba wao ni watu wenye maisha yao, mila zao na lugha yao, huku sehemu nyingi watoto wao wakiwa wameshahamia Kikipsigis au Kimaasai. Fikiria kazi hiyo ingekuwa nyepesi kiasi gani kama kila kijana angeweza kutaja kila bonde la mizinga kwa jina ambalo babu yake alilitumia. Wahadza wa Yaeda, huko Mbulu, walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011. Hatuwezi kusema lugha peke yake iliwapa hati, ila ukitembea nao porini hawapungukiwi majina ya mahali.

Wazazi wana hofu, nayo si ya kupuuzwa. Mtoto anahitaji Kiingereza apate kazi, wanasema, na kichwa chake kisijazwe. Nawajibu kwa Mabo mwenyewe. Alikuwa na Kimeriam, na Yumplatok, na Kiingereza alichofundishwa na mwalimu wa shule aliyewahi kuishi naye. Kwa Kiingereza alipigania alichokijua kwa Kimeriam. Angekuwa na kimoja tu kati ya hivyo, kesi isingekuwepo.

Alichokosa Mabo

Kuna sehemu ya kesi hii ambayo haisimuliwi sana, nayo ndiyo inayonikaa moyoni. Katika hukumu yake ya mambo ya hakika ya mwaka 1990, Jaji Moynihan hakukubali dai la Mabo binafsi. Hakuridhika kwamba Benny Mabo alimchukua kuwa mwana kwa namna inayompa urithi wa mashamba yale. Kwa hiyo watu wake walishinda kwa jina lake, na yeye mwenyewe, kwenye karatasi, hakushinda bustani ya baba aliyemlea. Kwenye kisiwa ambako kumpa ndugu mtoto amlee ni jambo la kila ukoo, mahakama haikuwa na mahali pa kuliweka jambo hilo.

Ilibidi ipite miaka thelathini. Mwaka 2020 bunge la Queensland lilipitisha sheria inayotambua malezi hayo ya kimila ya Wanatorres, ili mtoto aliyelelewa na mjomba apate vyeti vinavyomtaja kama mwana wa mjomba. Sheria hiyo haina jina la Kiingereza tu, ina jina la lugha za visiwani, Meriba Omasker Kaziw Kazipa. Imefika kwa kuchelewa, lakini kaya nyingi sasa zinaweza kusajili mtoto kwa ukweli wa nyumba yao.

Kwa vile Mabo mwenyewe, aliyekua ndani ya Kimeriam, alitiliwa shaka juu ya baba yake, mjukuu asiyejua hata jina la shamba atakwenda na nini? Baraza la kata lolote hapa kwetu lingeweza kuanza mwezi ujao bila bajeti mpya: kumruhusu mzee atoe ushahidi wa mpaka kwa lugha yake, kumweka mkalimani wa kijiji pembeni yake, na kuyaandika majina ya mahali jinsi alivyoyatamka kabla ya kuyatafsiri. Na kwenye kikao cha mirathi, anayetoka mjini akae karibu na babu na kumuuliza kile asichokielewa, badala ya kumtaka abadilishe lugha.